Uhakiki wa Hadithi za Mshazari

Hadithi inayouzwa dukani ina mahakimu wengi. Mchapishaji huipima kabla ya kuipiga chapa, mwuzaji huipima kabla ya kuipa nafasi katika rafu, na mnunuzi huipima kwa fedha ya mfukoni mwake. Mhakiki wa gazeti huja nyuma ya hawa wote, na hukumu yake hupata nguvu kwa sababu ipo bei ya kulinda: mtu asije akatoa fedha yake akapata maneno matupu. Lakini hadithi inayotolewa bure, na mtu ambaye jina lake la kweli halijulikani, kwa wasomaji ambao hatawaona kwa macho maisha yake yote, haina hakimu hata mmoja katika hao. Mtunzi wake hakuomba malipo, wala hakutoa ahadi. Ndipo lizukapo swali ambalo si jepesi kama lionekanavyo. Je, zawadi huhakikiwa? Na kama huhakikiwa, ni kwa mizani gani, na kwa faida ya nani?

Hapana mahali swali hili linapouma kuliko katika hadithi za mashabiki, hasa tawi lao liitwalo hadithi za mshazari. Jina hilo limetokana na alama ya uandishi. Mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1966 ikakoma 1969, walizoea kuandika K/S walipotaka kujulishana kwamba hadithi fulani yawahusu Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock, si kama marafiki tu, bali kama wapenzi. Katika hifadhi za leo hadithi ya urafiki mtupu hupewa alama nyingine, yaani &. Hivyo tofauti kati ya udugu na mahaba imetundikwa katika mstari mmoja mdogo ulioinama, na mstari huo umekuwa jina la aina nzima ya fasihi. Kwa Kiswahili mstari wa namna hiyo ni mshazari, na neno hilo latosha.

Mgeni wa jambo hili hustaajabu mara mbili. Hustaajabu kwanza kwamba wapo watu wanaoona mapenzi mahali ambapo yeye aliona kazi na vita tu. Kisha hustaajabu kuambiwa kwamba watunzi wa hadithi hizi za wanaume wawili walikuwa, tangu mwanzo, wanawake karibu wote. Hadithi ya kwanza ya namna hii kuchapishwa katika kijarida cha mashabiki ilitokea 1974, katika kijarida kilichoitwa Grup. Mtunzi wake alikuwa mwanamke wa Australia, na hadithi yenyewe ilikuwa fupi mno, tena ya tahadhari kubwa, hata wapenzi wake hawakutajwa majina. Woga ule ulikuwa na sababu. Watunzi walichelea kuchekwa na mashabiki wenzao, walichelea wenye mali ya tamthilia, na wengine walichelea watu wa nyumbani mwao. Vijarida vya baadaye vilipigwa kwa stensili au kunakiliwa kwa mashine, vikauzwa kwa bei ya karatasi na posta katika mikutano ya mashabiki. Mashabiki wa The Professionals, tamthilia ya Uingereza iliyoonyeshwa kuanzia 1977 hadi 1983, walikwenda mbali zaidi: hadithi zao zilinakiliwa na kupitishwa kwa posta kutoka nyumba hata nyumba, bila kuuzwa kabisa.

Katika siku hizo malipo ya mtunzi yalikuwa nakala moja ya kijarida na barua ya maoni. Barua ya maoni si jambo dogo. Msomaji aliketi mezani, akaandika kurasa mbili au tatu juu ya hadithi aliyoisoma, akataja mahali alipocheka na mahali aliposhindwa kusadiki, akatia stempu, akapeleka. Baadhi ya barua zilichapishwa katika vijarida vingine vilivyokuwa na kazi hiyo tu, hata mtunzi akasoma sifa yake na lawama yake mbele ya kadamnasi. Ukali ulikuwapo, na hapana aliyeushangaa sana, maana kijarida kilikuwa na bei. Aliyetoa dola zake alijiona ana haki ya kusema kwamba zimepotea. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa kuwa wengi wanaolilia ukweli wa uhakiki wa zamani husahau kwamba ukweli ule ulisimama juu ya mguu wa mnunuzi.

Intaneti iliukata mguu huo. Bei ilipoondoka, haki ya mnunuzi iliondoka pamoja nayo, na hadithi zikabaki zawadi tupu. Historia ya miaka iliyofuata yaweza kupitwa upesi. FanFiction.Net ilifunguliwa 1998, na 2002 ikazifukuza hadithi za watu wazima. 2007 mamia ya kurasa za mashabiki na watu wengine zilisimamishwa kwa ghafula katika LiveJournal, bila wenyewe kuulizwa. Mwaka huo huo mashabiki, ambao miongoni mwao alikuwamo mwandishi wa riwaya Naomi Novik, walianzisha chama kiitwacho Organization for Transformative Works ili wawe na nyumba ambayo hapana mwenye nyumba atakayewatoa. Nyumba hiyo, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009. Jina lake ni mwangwi wa kitabu cha Virginia Woolf cha 1929, kilichodai kwamba mwanamke atakaye kuandika hana budi kuwa na fedha na chumba chake mwenyewe. Hifadhi hii haina matangazo ya biashara. Huendeshwa kwa michango na kwa kazi ya kujitolea. Mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, na mwaka uliofuata ikafungiwa katika China. Kazi zilizomo sasa zimepita 10,000,000.

Idadi kama hiyo hubadili maana ya kusoma. Maktaba ya chuo ina mkutubi aliyechagua vitabu. Hifadhi hii haina mchaguzi, wala haitaki kuwa naye, maana ilijengwa na watu waliochoka kuchaguliwa. Anayeandika kwa ufundi wa miaka thelathini na anayeandika leo kwa mara ya kwanza hupanga bega kwa bega. Kinachomwongoza msomaji ni vibandiko. Kila hadithi huja na jina la tamthilia au kitabu ilikotoka, majina ya wapenzi yaliyounganishwa kwa mshazari, daraja la umri, maonyo juu ya mauti au ukatili, kisha mlolongo wa maneno ambayo mtunzi mwenyewe ameyabuni. Nyuma ya vibandiko hivi wamo watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kutambua kwamba maneno matano tofauti yana maana moja, na kuyafunga pamoja ili atafutaye asipotee. Mkutubi yeyote angewavulia kofia.

Kwa hiyo msomaji hujua mwisho kabla ya mwanzo. Hujua kwamba hawa wawili watapendana. Hujua kwamba mmoja ataumia na mwenziwe atamwuguza. Hujua kwamba watafika katika nyumba ya wageni iliyobaki na chumba kimoja, na chumba chenyewe kina kitanda kimoja. Mhakiki aliyelelewa katika riwaya hukasirika hapa. Husema kwamba hadithi isiyo na siri haina uhai. Anakosea mizani. Watoto wanaomwomba bibi awasimulie tena ngano ile ile ya sungura na fisi hawaulizi nani atashinda. Wanangoja kuona safari hii bibi ataigizaje sauti ya fisi. Katika hadithi za mshazari swali la nini limekwisha jibiwa mlangoni, na lililobaki ni swali la namna gani, ambalo ndilo gumu. Kitanda kimoja kimeandikwa mara elfu nyingi. Mtunzi hodari hukiandika hata msomaji akasahau kwamba amekwisha lala humo.

Lakini zaidi ya hayo, lazima ijulikane hadithi hizi zinatoka wapi. Mfano mzuri ni sehemu ya Star Trek iliyoonyeshwa tarehe 15 Septemba 1967, iliyotungwa na Theodore Sturgeon. Spock, mtu wa akili baridi, apatwa na hali ya asili ya watu wa sayari yake: sharti arudi kwao kuoa, au atakufa. Nahodha wake avunja amri ya wakubwa, ahatarisha cheo chake, na kumpeleka. Tamthilia ilipita hapo na kuendelea. Mashabiki hawakupita. Waliuliza: kama sayari hiyo ingekuwa mbali mno, na kama wawili hawa wangekuwa peke yao mahali pasipo msaada, nani angemwokoa Spock? Swali hilo halikuwa la mchezo. Lilitokana na kuisoma sehemu ile kwa makini kuliko walivyoisoma waliokuwa wakiitazama kwa kupitisha jioni, kwa kuwa tamthilia yenyewe ilikuwa imeonyesha mtu aliye tayari kupoteza kila kitu kwa ajili ya mwenziwe, kisha ikakataa kutamka kwa nini. Hadithi ya mshazari hutamka. Kwa maana hiyo ni uhakiki kabla haijawa hadithi: imekwisha toa hukumu juu ya kimya cha kazi iliyotangulia. Wanafunzi wa mashairi ya pwani waliozoea takhmisi, ambamo mshairi huzipokea beti za mwenziwe na kuzitangulizia mishororo yake ili zijibu kwa maana mpya, hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni kabisa, ijapokuwa heshima iliyopewa takhmisi haijapewa hadithi hizi.

Ikiwa ndivyo, mhakiki wa hadithi ya mshazari anahakiki uhakiki, na swali lake la kwanza ni kama usomaji ule ni wa haki. Je, huyu ni Spock, au ni jina la Spock lililovikwa mtu mwingine? Lipo jaribio moja sahili ambalo wasomaji wazoefu hulitumia. Badilisha majina ya wapenzi. Tia majina ya wawili wengine kutoka tamthilia nyingine. Kama hapana kitu kilichovunjika, hadithi haikuwa na kitu cha kuvunjika. Mapenzi yaliyomo yalikuwa nguo ya dukani, yenye kumfaa kila mtu na kutomkaa mtu yeyote. Kama kila mstari umekataa majina mapya, kwa kuwa mzaha ule hauwezi kutoka katika kinywa kingine, na kimya kile hakiwezi kuwa cha mtu ambaye hakulelewa kuona aibu ya machozi, basi mtunzi amesoma kweli.

Haifai kuficha kwamba nyingi katika hadithi hizi, ingawa si zote, hueleza tendo la mapenzi bila pazia. Wako waliotosheka na jambo hilo, wakafunga kitabu na kutoa hukumu. Joanna Russ, mtunzi wa riwaya na mhakiki Mmarekani, hakuona haya kulijadili katika insha ya 1985. Alizisoma hadithi za Kirk na Spock kama ndoto ambazo wanawake walijiandikia wenyewe, na akauliza zinasema nini juu ya waziandikao. Alichokiona ndani yake ni mapenzi ya watu walio sawa kwa cheo na kazi, ambamo hapana aliyezaliwa kuwa wa kutaka na mwingine wa kutakwa. Wasomi wengine walifuata: Camille Bacon-Smith na Henry Jenkins walitoa vitabu vyao 1992, Constance Penley 1997. Maelezo yao hayalingani, wala si lazima yalingane. Kwa mhakiki wa hadithi moja faida yake ni hii, kwamba pazia likiwa limefunuliwa, naye hana ruhusa ya kuangalia pembeni. Sharti aulize kama wawili hawa wametoka katika kurasa zile wakiwa wamebadilika, au kama tendo liliwekwa hapo kwa kuwa vibandiko viliahidi. Mhakiki asifuye lugha, njama na mazungumzo, kisha akaruka sehemu hiyo kana kwamba hakuisoma, ameihakiki nusu ya hadithi, na aghalabu ni nusu iliyo nyepesi.

Sasa maneno ya mhakiki yaandikwe wapi? Hifadhi ina mahali pa namna tatu. Cha kwanza ni kitufe cha pongezi, ambacho mtu hukibonyeza mara moja tu kwa hadithi moja. Ni sawa na kutikisa kichwa njiani. Chini ya hadithi ipo nafasi ya maoni, na maneno yaandikwayo hapo hufika moja kwa moja kwa mtunzi, ambaye aweza kuyajibu, kuyafuta, au kuyazuia yasionekane. Halafu ipo alama ya ukurasa, ambayo msomaji hujiwekea mwenyewe, na akipenda huandika ndani yake maelezo na kuwashauri wasomaji wengine waisome hadithi hiyo. Mtunzi akitafuta aweza kuyaona maelezo hayo, lakini hayakupelekwa kwake. Tofauti ya nafasi hizi mbili za maneno ndiyo tofauti ya kumwambia mwenye nyumba mlangoni kwamba mchuzi wake ulizidi chumvi, na kumwambia jirani anayeuliza chakula cha jana kilikuwaje.

Kaida iliyoenea leo ni kwamba lawama isiyoombwa haiandikwi katika maoni. Mtunzi alitoa, mpokeaji asiyependa na aondoke kwa amani. Wako wazee wa vijarida wanaoona kaida hii ni ulegevu uliowafanya watunzi kuwa kama mayai. Hapana budi kukiri kwamba hoja ya adabu ina nguvu. Mtu aliyeandika usiku baada ya kazi, kwa lugha ambayo pengine si ya mama yake, chini ya lakabu kwa kuwa nyumbani hawajui anachoandika, hakujiandikisha katika darasa la utunzi. Barua ya kumsahihisha inayoanza na kumalizika kwa makosa yake ni amri kutoka kwa mtu asiye na mamlaka, nayo imewanyamazisha wengi ambao hadithi yao ya kumi ingekuwa njema. Adabu hiyo yafaa mlangoni. Lakini ikienezwa mpaka barazani, hata jirani asiweze kumwambia jirani kwamba sehemu ya mwisho ya hadithi fulani ilifanywa kwa haraka, huwa kitambaa cha kufungia watu midomo. Wasomaji hawakutia sahihi mkataba wa kusifu kila kitu.

Kisha iko hatari nyingine, isiyosemwa sana: sifa yenyewe inaweza kuwa uchoyo. Maneno kama vile nimeipenda sana, ongeza nyingine, ni matamu kwa dakika moja. Hayamwambii mtunzi kwamba alisomwa. Mhakiki wa haki husumbuka zaidi katika sifa kuliko katika lawama. Hufuta mara tatu alichokiandika. Hurudi kutafuta ni mstari upi hasa uliomkaza koo, akaukuta si ule wa kiungamo cha mapenzi, bali ni mstari mfupi wa kabla yake, ambapo mmoja alimsogezea mwenziwe kikombe bila kuulizwa. Hulisema hilo, na husema kwa nini kikombe kilitosha. Watunzi wengi huhifadhi maoni ya namna hiyo kwa miaka, kama walivyohifadhi wenzao wa zamani barua zenye stempu.

Hapo juu palisemwa kwamba hifadhi haina mchaguzi. Ukweli ni kwamba anaye, naye ni wingi. Hadithi zaweza kupangwa kwa hesabu ya pongezi, na zilizo juu hupata wasomaji zaidi kwa kuwa ziko juu, zikazidi kupanda. Hadithi njema juu ya wapenzi wasiopendwa na wengi huzama siku ile ile ilipowekwa. Hapa ndipo mhakiki anapopata kazi ambayo hapana mwingine wa kuifanya: kupiga mbizi. Hati yake ya ushauri, yenye hadithi ishirini alizozitafuta mwenyewe katika pembe zisizotembelewa, ina thamani kuliko kurasa mia za kusifu zilizokwisha sifiwa.

Na hapa pia ndipo inapokuja hesabu iliyo chungu. Desemba 2015 ilionyeshwa filamu ya Star Wars iitwayo The Force Awakens. Mmoja wa mashujaa wake ni Finn, askari mtoro, aliyechezwa na John Boyega, kijana Mwingereza mweusi wa wazazi wa Nigeria. Kati ya Finn na rubani Poe Dameron mlikuwa na kila kitu ambacho hadithi za mshazari hudai kukitafuta: kuokoana, kupeana jina, kukumbatiana baada ya kudhaniana wamekufa, na koti moja lililovaliwa na wawili. Hadithi zao ziliandikwa, tena nyingi. Lakini zilizozizidi kwa wingi ni hadithi za Kylo Ren na Jenerali Hux, wanaume wawili weupe, wabaya wa filamu hiyo, ambao mazungumzo yao ni machache na yamejaa chuki. Wale waliosema kwamba wanaandika yale tu wanayoyaona katika kioo cha filamu walikuwa na kazi ya kueleza macho yao yalikuwa yakitazama wapi. Rukmini Pande, katika kitabu chake Squee from the Margins cha 2018, ameonyesha kwamba jambo hili si la filamu moja, na kwamba mashabiki weusi na wa asili ya Asia walioligusa waliambiwa mara kwa mara kuwa wanaharibu starehe ya wengine.

Mhakiki afanye nini? Akichukua hadithi moja ya Kylo Ren na Hux, pengine ataikuta ni nzuri, yenye fikira na huruma ya ajabu kwa watu waovu. Haina kosa. Mtunzi wake alipenda alichokipenda, na hapana sheria ya kumwamuru mtu apende kingine. Achukue ya pili, nayo haina kosa. Hata akizimaliza zote moja moja hatapata mshtakiwa. Lakini akiinua macho na kulitazama lundo, lundo lasema lilichokisema. Dhambi ya lundo haionekani katika punje. Uhakiki wa hadithi moja moja, uliojengwa juu ya adabu ya zawadi, hauna jicho la kuliona jambo hili, na ndiyo sababu waliojaribu kulisema chini ya hadithi ya mtu mmoja walikosea mahali, na waliowaambia wanyamaze kabisa walikosea zaidi. Vile vile ndivyo ilivyo kwa wanawake waliomo katika tamthilia hizi, ambao katika hadithi nyingi za mshazari hufukuzwa, hufishwa, au hufanywa wagomvi ili njia ya wanaume wawili isafishwe. Ni ajabu kwamba kalamu ya mwanamke ndiyo iliyofanya hivyo mara nyingi, na Russ mwenyewe angekuwa na la kusema.

Mahali pa kuyasema hayo ni katika hati ya ushauri na katika insha, ambamo mhakiki huongea na wasomaji juu ya kusoma. Chama cha hifadhi kina jarida lake la kitaaluma tangu 2008, Transformative Works and Cultures, na mabishano ya aina hii yamo humo. Lakini mhakiki wa kila siku, asiye na cheo cha chuo, hufanya kazi kubwa zaidi kwa uchaguzi wake kuliko kwa hotuba. Akiweka hadithi tatu za Finn na Poe katika orodha yake, na kueleza kwa kikombe na kwa koti kwa nini ni nzuri, amewapa wasomaji sababu ya kutazama walipopita bila kutazama. Huo nao ni uhakiki, wala haukumvunja mtu moyo mlangoni mwake.

Limebaki jambo la muda. Watunzi wa hifadhi wanaweza kuondoka. Mwingine ameolewa, mwingine amepata kazi ambayo haipatani na lakabu yake, mwingine amechukia tu alichokiandika akiwa na miaka kumi na tisa. Hifadhi imewawekea njia mbili. Ya kwanza ni kuifanya hadithi yatima. Ndilo neno walilolichagua wenyewe. Jina la mtunzi hutolewa, hadithi hubaki, na wasomaji huendelea kuisoma. Maoni huendelea kuandikwa chini yake, mengine marefu na ya makini, yakimshukuru mtu ambaye hakuna njia ya kuyafikisha kwake. Ya pili ni kufuta. Hadithi ikifutwa huondoka pamoja na pongezi na maoni yake yote, kana kwamba haikuwako. Lakini alama za ukurasa walizojiwekea wasomaji hazifutiki pamoja nayo. Atazamaye orodha ya msomaji mwenye bidii hukuta, katikati ya hadithi zilizo hai, mahali palipoandikwa kwamba kazi hii imefutwa. Hapana kichwa cha habari, hapana jina la mtunzi. Chini yake pamebaki maelezo ya mhakiki: kwamba mazungumzo ya sura ya tatu hayana mfano, kwamba mwisho ulikuja mapema kidogo, kwamba asiyependa habari za vita asiogope, aendelee mpaka asubuhi ya mvua.